Mabati ya Mama

Mama yangu aliuza nyumba mara moja tu maishani mwake, na asubuhi ya kuikabidhi alipanda juu akaanza kung'oa mabati. Nalisema mapema, usije ukadhani alikuwa tapeli au akili zimemruka. Nachingwea yetu ya miaka ya tisini, mtu aliyeuza nyumba akaacha mabati juu ndiye angeulizwa kama ana homa.

Nyumba kwetu ilikuwa kuta. Unachimba shimo nyuma ya uwanja, unakanyaga udongo na maji, unafunga fito, unakandika, basi. Udongo haununuliwi. Bati, mlango na madirisha hivyo ni vitu vya dukani, vina mwenyewe, na mwenyewe akihama navyo vinahama. Msimu wa korosho ukiisha ungepishana na lori limebeba kitanda, kuku, bibi mmoja, na juu kabisa mabati yamefungwa kamba, na hakuna aliyegeuka kutazama. Mjini kulikuwa bado na mabati manene ya zama za mradi wa karanga wa Waingereza, ambayo yalikuwa yamepanda na kushuka nyumba nyingi kuliko fundi yeyote.

Baba naye aliondoka hivyo hivyo. Nilikuwa mdogo, sijaanza shule. Waliachana na mama kwa maneno machache, kisha siku moja akaja na rafiki yake, akateremsha mabati yake, akang'oa mlango wake, akapakia. Mama ndiye aliyemshikia ngazi. Nikisimulia hapo watu huniuliza, kwani hakuona uchungu? Aliona, mbona! Lakini ngazi ilikuwa inacheza, na hakutaka mwanamume avunjikie mguu uwanjani kwake halafu arudi kuuguzwa.

Tukaezeka nyasi, mlangoni tukaning'iniza gunia. Siku ile ile mama akasimama mbele ya majirani, vumbi la udongo limemjaa kichwani, akala kiapo.

"Silali tena chini ya bati la mtu. Litakalokuwa juu ya kichwa changu nitalinunua mimi, na wa kulishusha ni mimi."

Shika hilo, maana mengine yote yalitoka hapo.

Mama alilima ufuta kwa hasira. Kama hujawahi kuona mtu analima kwa hasira, kaa mbali na jembe lake. Kila alipouza mavuno alinunua bati, moja au mawili, akayalaza chini ya kitanda juu ya vipande vya matofali yasishike unyevu. Kwa hiyo kwa miaka kadhaa mimi na mama tulilala juu ya paa letu badala ya chini yake. Mgeni akija, kabla hajapewa maji ya kunywa, ananyanyuliwa shuka aone. Yalipotimia, fundi akapanda, na mvua ya kwanza ilipogonga mama akasimama katikati ya chumba ameshika kiuno, anacheka peke yake. Chini ya bati mvua ikishuka huwezi kusikia mwenzio anasema nini, ikabidi tuzungumze kwa mikono. Alinyoosha kidole juu, halafu akajipiga kifuani. Langu hili.

Nilifurahi jamani. Shuleni niliwaambia wenzangu kwamba kwetu mvua inapiga ngoma.

Basi Ruangwa ikakatwa kutoka Nachingwea ikawa wilaya peke yake. Sisi wa Nachingwea tulicheka sana. Ruangwa ile? Sisi ndio tulikuwa mji, tuna barabara pana, tuna majengo ya wazungu wa karanga, na Ruangwa tuliijua kama mahali anapokaa bibi, mama yake mama, pamoja na mbaazi zake na mikorosho yake. Lakini serikali haikutuuliza. Watumishi wakaanza kumiminika kule na mabegi na barua za uhamisho, kila mmoja anauliza nyumba ya kupanga, na kila mmoja anaonyeshwa banda. Wafanyabiashara wa sokoni walirudi wakisema kuna mtumishi analala kwenye stoo ya mahindi, analipa, na anashukuru.

Mama aliposikia hilo aliacha kupepeta. Jioni hiyo alikuwa ameshamaliza kuwaza: tunauza hapa, tunakwenda kujenga kwenye ardhi ya bibi, nyuma tu ya mahali wanapojenga maofisi, nyumba ya vyumba vya kupangisha, na mabati tunayo.

Bibi alipoelezwa aliweka kikombe chini. Bibi alikuwa akigombana kwa Kimwera, Kiswahili alikiweka kwa ajili ya sokoni na hospitali, kwa hiyo hapa nakutafsiria.

"Mgeni aje kwako, umpe pa kulala, halafu umdai?"

"Ndiyo mama. Inaitwa kodi."

"Na chakula utamuuzia?"

"Atapika mwenyewe."

"Mgeni apike!" Bibi alijishika kichwa. "Nilizaa nini mimi?"

Lakini ardhi alitoa, maana ndivyo alivyo, kelele kwanza, mkono baadaye.

Mnunuzi wa nyumba yetu alikuwa nesi aliyehamishiwa hospitali ya Nachingwea kutoka upande wa Mbeya. Dada mrefu, mkavu wa maneno, viatu vyeupe pee katika vumbi letu lile, sijui alikuwa akitembea vipi. Kuta alizitazama kidogo tu. Paa ndilo alilolitazama mpaka shingo ikamchoka.

"Mabati mazuri," alisema.

"Asante mwanangu," mama akajibu, na wote wawili wakacheka, wamependana hapo hapo. Wakaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, wakakubaliana mbele yake, wakashikana mikono. Paa halikutajwa. Mama hakulitaja kwa sababu mtu haagi kwamba ataondoka na nguo zake. Nesi hakulitaja kwa sababu huko kwao, nilikuja kujua baadaye, nyumba ikiuzwa hata msumari wa kutundikia kalenda unabaki.

Kile alicholipwa mama kikaenda chote Ruangwa. Kuta zikasimama, za matofali mabichi, maana ya kuchoma yalitushinda. Mvua moja nzito ingeyarudisha kuwa matope. Ilikuwa mwisho wa Novemba, joto linakaba, na kila mchana mawingu yalikuja kutuchungulia kisha yakaenda zake.

Ndipo asubuhi ile ya kukabidhi mama akapanda juu ya nyumba ya Nachingwea. Alikuwa ameshashusha upande mzima wa mbele, misumari imemjaa mdomoni, mimi nimeshika ngazi, wakati mkokoteni ulipokata kona na kitanda, godoro, sanduku, na nesi nyuma yake anatembea kwa raha.

Raha ikaishia pale pale.

"We mama! We mama wee! Unafanya nini juu ya nyumba yangu?"

Mama akatoa misumari. "Nashusha mabati mwanangu, nikuachie nyumba yako. Nimechelewa kidogo, nisamehe."

"Unashusha mabati yangu?"

"Yako? Uliyanunua lini?"

"Si juzi! Mbele ya mwenyekiti!"

"Juzi ulinunua nyumba. Si hiyo imesimama?"

Nesi akaitazama nyumba. Nami nikaitazama, na kwa mara ya kwanza niliona mambo kwa macho ya mtu wa Mbeya: kuta nne na mbingu. Akakaa juu ya godoro lake, katikati ya barabara, macho yamemtoka.

Majirani wakajaa, na wote walikuwa upande wa mama. Huyu dada naye, walisema, alitaka na mabati ya mwenzie? Mwingine akamwambia kwa upole kabisa kwamba ana bahati, mlango mama anamwachia. Hilo lilimkasirisha nesi kuliko yote.

Mwenyekiti akaitwa. Maskini, yeye mwenyewe alihama kutoka Mbekenyera na mabati yake begani, na lile lililokuwa juu ya sebule yake lilishawahi kuwa juu ya duka. Akasema kwa desturi ya hapa mama hana kosa. Akasema lakini dada naye ni mgeni wetu, anatuchoma sindano. Akatazama wingu. Akasema kikao kiahirishwe.

"Kiahirishwe mpaka nilowe?" nesi akauliza.

Watu wakacheka, naye hakucheka. Alisimama, akavua viatu vyake vyeupe, akavipanga vizuri kando ya sanduku, akaja mpaka kwangu akapanda ngazi. Ngazi ilikuwa ile ile ya siku zote, inacheza vile vile, nikaikumbatia kwa nguvu zangu zote. Mimi nilidhani wanakwenda kusukumana huko juu. Nikawa nahesabu nani ataangukia upande gani.

Hawakusukumana. Nesi alikaa kwenye boriti, miguu inaning'inia, akaongea taratibu. Waliokuwa barabarani hawakusikia, mimi nilisikia.

"Mama, tangu nitoke shule nalala nyumba za watu. Mwenye nyumba akikuchoka anakutoa, akipata ndugu anakutoa, akiota vibaya anakutoa. Hii nilisema ndiyo yangu, hapa hanitoi mtu. Sasa nakuona kwa macho yangu unaniondolea."

Mama akaacha kung'oa. Akageuka akatazama chini aone ni nani ameshika ngazi, akanikuta mimi nimeikumbatia, vumbi limenijaa kichwani. Akanitazama muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika.

"Upande huu nimeshashusha," alisema mwishowe. "Upande wa nyuma sishushi."

"Nusu nyumba, mama?"

"Na mimi nusu. Kwani unadhani kule Ruangwa nitakuwa na nini? Tena kuta zangu ni mbichi, zako zimekauka."

Nesi akakubali. Halafu wakaanza kugombea kofia, lile bati la juu kabisa linalopanda mgongo wa nyumba, ni la upande gani. Haki ya Mungu, kofia waliigombania kwa muda mrefu kuliko mabati yote. Ikabaki kwa nesi, mama akasema ni zawadi ya kuhamia, na ole wake aitupe. Mpaka jioni majirani walikuwa wameleta nyasi wakamwezekea ule upande wa mbele. Nyumba ikawa kama mtu aliyenyolewa nusu kichwa kinyozi akaitwa msibani. Watu waliotoka mbali walipita mtaa wetu makusudi waione.

Ruangwa nasi tukawa na dada wa nyumba ile: upande mmoja bati, upande mmoja nyasi. Hatujakaa hata wiki, akaja karani wa halmashauri, kijana mpole, amechoka kulala kwa watu, anatafuta chumba. Akaonyeshwa vyote viwili. Akachagua cha bati, angechagua nini?

Mama akampa.

Nilikasirika mimi! Tulilala upande wa nyasi, na mvua zilipoanza kule ng'ambo ya ukuta bati letu lilimpigia ngoma karani. Nilimchukia bure mtoto wa watu. Mama nilimwona akisimama mlangoni mchana, mikono kifuani, anasikiliza, na hakuwa anacheka. Bibi hakumwacha.

"Si ulikula kiapo wewe? Bati lako analala mgeni."

"Nilisema silali chini ya bati la mtu. Nyasi sikuzitaja."

Ndivyo tulivyoanza, na ndivyo tulivyoendelea. Kodi ya karani ikazaa chumba kingine, mama akakiezeka bati, akasema hiki sasa ni chetu, na kabla udongo haujakauka akaja mwalimu na mke wake mjamzito. Ungemfukuza mama mjamzito? Tukabaki kwenye nyasi. Akaja fundi cherehani. Wakaja wanunuzi wa korosho, wanapanga msimu mzima na kulipa kwa mkupuo. Kila chumba kilichokamilika kilipata mtu, na sisi tulihamia kila mara kwenye kile ambacho bado. Nimehama mara nyingi maishani, na nyingi ya hizo sikutoka nje ya uwanja wetu.

Mji nao ukawa unanenepa huku tunauona. Palipokuwa na mbaazi pakaota gesti, mbele yake bucha, kando ya bucha mashine ya kusaga ambayo ilitukosesha usingizi wa mchana. Wale waliocheka kwamba Ruangwa ni pori wakaanza kuulizia viwanja, wakaambiwa vya karibu vimekwisha. Miaka ya elfu mbili ikaingia na simu za mkononi. Vijana wa sokoni wakaanza kuongea kama watangazaji wa redio za Dar, mambo vipi, poa, freshi, bibi akawa anauliza wameumwa na nini. Na kila ufuta ulipouzika vizuri, ungesikia nyundo mji mzima.

Bibi mwenyewe, acha nikuchekeshe, alimpa muuza chipsi jiko lake la zamani lililokuwa kando ya barabara. Hakupangisha, thubutu! Kijana alikuwa mgeni wake tu, na kila mwezi alimletea bibi zawadi. Mwezi mmoja zawadi ilichelewa. Bibi alikwenda kusimama mbele ya wateja na fimbo yake, akataka kujua kwa Kiswahili safi, kile cha hospitali, vijana wa siku hizi adabu wameiacha wapi.

Miaka ikapita. Nilimaliza shule, nikaolewa, nikawa nakwenda kwa mama na mtoto mgongoni. Mama alikuwa na uwanja mzima wa vyumba, anaheshimika, wapangaji wanamwamkia tangu getini. Na bado alilala pale pale, upande wa nyasi, ambazo alizibadilisha kila zilipooza. Nilimwambia mama, jichagulie chumba kimoja tu, utulie. Akasema kinachofuata. Kila mara kilikuwa kinachofuata.

Kilichofuata kilikuwa cha kona, kizuri, matofali ya kuchoma, dirisha pana. Mabati yake mapya yalikuwa yameegemezwa ukutani yanang'aa, na afisa mmoja alikuwa ameshakitupia jicho, anapita kila jioni kuuliza kimefikia wapi. Siku fundi alipokuja kuezeka, lori la ufuta kutoka Nachingwea likasimama getini, akashuka mama mmoja mnene, ana miwani, amevaa viatu vyeupe.

"Mama," nesi alisema, "nimekuletea mabati yako."

Vijana wakayashusha yale ya upande wa nyuma, yamepata kutu, yamejaa matundu ya misumari, kofia ikiwa juu yake. Nesi alikuwa anaezeka upya, mabati ya rangi, nyumba nzima.

Mama akaja mbio, mikono ina udongo. "Mabati gani? Mimi nilikuuzia nyumba!"

"Uliniuzia kuta. Bati ni la aliyelinunua. Nimekaa huku miaka yote hii, unadhani sijajifunza?"

"Na mimi nimepangisha miaka yote hii, unadhani sijajifunza? Nyumba ni pamoja na paa lake! Yarudishe kwako."

"Siyarudishi. Ni yako."

"Ni yako wewe, mbishi!"

"Mama, ulikuwa juu ya paa ukaniambia..."

"Nilikuwa sijui kitu!"

Mimi nilikaa chini na mtoto wangu, nimecheka mpaka nashika mbavu. Bibi alikuwa kwenye mkeka wake, anageuza kichwa huku na huku, na nadhani sijawahi kumwona na furaha kama ile. Lori likapiga honi likaondoka zake, na ubishi ukafia hapo, kwa sababu hakukuwa na cha kuyarudishia.

Mama akachuchumaa kando ya mabati. Akapitisha kiganja kwenye kutu. Lile la kwanza alilolinunua baada ya baba alilijua, lilikuwa na pembe iliyokunjwa na mguu wa kitanda chetu. Akalipata, akaigusa pembe, na machozi yakamtoka bila kujificha. Nesi naye akavua miwani akawa anaifuta.

"Haya yamekwisha, mama," fundi alisema. "Labda banda la kuku."

"Ezeka chumba cha kona."

"Na haya mapya?"

"Mapya ezeka choo cha wapangaji."

Fundi alinitazama mimi, nami nikatazama pembeni. Akaezeka. Jioni afisa akapita kama kawaida yake, akasimama chini ya paa lile la kutu, haamini.

"Mama, chumba changu?"

"Hakipangishwi."

Bibi akainua kichwa kwenye mkeka. "Kwa nini? Kuna mgeni gani?"

"Hakuna mgeni. Nalala mimi."

Mvua ya kwanza ya mwaka ule ilitukuta mchana, tumetoka kula. Mama alikuwa ameshajinyoosha kwenye kitanda chake chumba cha kona. Ilishuka yote kwa pamoja, mabati yakalia, na mimi nikakimbia na beseni, maana nilijua. Nilipofika lilikuwa linavuja kila mahali, kichwani mwa kitanda, miguuni, juu ya sanduku la nguo. Nikapiga kelele, mama inuka, utalowa, twende kwenye nyasi! Hakunisikia. Naye alisema kitu, sikusikia.

Akanyoosha kidole juu, halafu akajipiga kifuani, anacheka, maji yanamtiririka usoni. Nikaweka beseni pale palipovuja zaidi, nikaenda kutafuta sufuria.